Namba ya Juu na Namba ya Chini

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa mchana. Ilipiga mabati ya depo, ghala tunamonunulia mawe ya madini, mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Wachimbaji waliacha magunia yao nje wakakimbilia ndani, na Symphorien, mlinzi wetu, akawaambia, “Mawe haiogope maji, ni nyinyi munayeyuka.”

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mazoezi ya hesabu. Naona litabeba na mengine.

Jina langu ni Ntambwe. Nina miaka arobaini na mmoja. Kwetu ni Mwene-Ditu, na huu ni mwaka wa tisa niko Kolwezi. Kazi yangu ni kutwanga. Gunia la shaba na kobalti likifika, nachota konzi moja juu, moja katikati, moja chini. Naziponda kwenye kinu cha chuma mpaka ziwe unga, halafu bosi anaweka unga huo chini ya mashine ya mkono inayofanana na bastola. Mashine inataja asilimia ya madini, na bei inatoka hapo. Wachimbaji wanaiita Muongo. Jioni ninakuwa na unga kwenye nyusi, masikioni, ndani ya viatu.

Mfukoni nina fomu ya chuo. Ina mistari miwili ya kuchagua: Hisabati, na chini yake Statistiki, ile hesabu ya takwimu. Natakiwa kuweka alama kwenye mmoja na kuirudisha kabla ya mwisho wa Novemba. Nimekuwa nayo wiki tatu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Magunia kumi na tisa. Mgongo.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepiga simu nyumbani. Falonne hakuja kwenye simu. Mama yake, Mushiya, alisema yuko mtoni anafua. Nikasikia mtu akikohoa karibu naye, na kikohozi cha binti yangu nakijua.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Shule niliiacha darasa la tano la sekondari, baba alipokufa. Lakini hesabu haikuniacha. Falonne alipofika sekondari, kila Jumapili nilimfundisha kwa simu: yeye anasoma swali, mimi nachora chini kwa kijiti, tunabishana. Mwaka juzi akaniambia, “Tata, wewe unanifundisha mambo ya mtihani wa serikali, mbona usiufanye mwenyewe?” Nilicheka. Kumbe alikuwa ameshauliza. Mtu mzima anaweza kuufanya bila kukaa darasani. Wanamwita otodidakte. Basi mwaka huu tukaufanya wote, yeye Mwene-Ditu, mimi hapa, siku zile zile, maswali yale yale.

Matokeo yanaombwa kwa simu. Unatuma namba yako ya mtihani, unajibiwa kwa asilimia, bila jina. Falonne alisema, “Tata, tuma wewe, mi naogopa.” Mushiya akanisomea namba yake, nikaiandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji, pamoja na yangu. Moja juu, moja chini. Sikuandika majina. Niliona haina haja, ni namba mbili tu, nani angezichanganya?

Siku ya matokeo nilituma zote mbili. Ya juu ikajibu: amefaulu, 61. Ya chini: hakufaulu, 44. Nikasema ya juu ni ya mtoto. Nikapiga nyumbani nikipiga kelele kama mwehu. Nilikuwa nimeshindwa mimi, na nakwambia, daftari, sijawahi kufurahi vile.

Kule nyumbani walimmwagia poda. Ndiyo desturi yetu. Mtoto akifaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, usoni, nguoni, anazungushwa mtaani na vigelegele. Mushiya alifungua makopo matatu. Falonne alikuwa amevaa gauni la buluu la kanisani. Majirani walicheza naye mpaka kwenye reli.

Halafu orodha yenye majina ikabandikwa kwenye shule nilipofanyia. Mwenye 61 alikuwa mimi.

Jumatatu nikapiga simu kuwaambia.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Barabara ya depo imekuwa uji mwekundu. Lori moja limelala ubavu, hakuna aliyeumia.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda sokoni kwa mwalimu Kazadi. Alifundisha hisabati miaka thelathini, sasa anatengeneza miavuli, na msimu huu ndio mavuno yake. Alikuwa amezungukwa na miavuli kama kuku aliyelowa kati ya vifaranga vyake. Yeye ndiye aliyenisahihishia mazoezi yangu mwaka mzima.

“Umejaza?”

“Bado, Mwalimu.”

“Unangojea mistari izae? Weka Hisabati.”

Nikamwonyesha kurasa za nyuma za daftari langu la zamani. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika jinsi mashine inavyosoma. Unga ule ule, mara tatu: 4.1, 3.6, 4.4. Gunia lile lile, konzi ya juu na konzi ya chini. Nilikuwa nataka kujua ni wapi Muongo anadanganya na ni wapi anababaika tu.

Alisoma kwa jicho lake moja lililo zima, muda mrefu. “Hii njo statistiki,” akasema, kama daktari anayemwambia mtu ugonjwa wake. “Hesabu ya watu wanaoogopa kusema ndiyo ao hapana. Ntambwe, mu hisabati, ukikosea unajua saa ile ile. Inakupiga kofi. Kule kwingine unakosea, unaandika ‘karibu’, unalala usingizi.”

Nilimlipa pesa ya kijiti kipya cha mwavuli wangu nikaondoka. Neno lile lilikuja na mimi mpaka nyumbani. Ukikosea unajua saa ile ile.

Jumatano, 16 Oktoba

Siandiki. Nimechoka.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeomba ruhusa nikaenda chuoni kuuliza. Kwenye dirisha la uandikishaji yuko mwanamke anaitwa Charlotte, miwani kwenye kamba. Mbele yangu walikuwa vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa nimeoga mara mbili, lakini unga wa kobalti hautoki kwenye kucha.

“Tata, mutoto iko wapi?”

“Mutoto gani, mama?”

“Ule unakuya kuandikisha.”

“Njo mi mwenyewe.”

Vijana wakageuka. Mmoja alisema, “Eh, vieux, muzee wetu, unakuya kufanya mafunzo ya uzee?” Wakacheka. Charlotte hakucheka. Alitazama karatasi zangu, akatazama asilimia, akawaambia wale, “Sitini na moja. Nani kati yenu iko na sitini na moja? Nyamazeni basi.”

Nilitaka kushukuru nikashindwa, kwa sababu kila mtu akitaja ile 61 ninaona poda.

“Mbona haujachagua?”

“Mama, kama mtu akiacha nafasi, mwaka ujao inamungojea?”

“Nafasi si bibi yako, tata. Haingoje mutu.”

Jumapili, 27 Oktoba

Falonne hakuja kwenye simu. Mushiya ameniambia ukweli. Mtoto hakubali kurudia darasa la sita la sekondari. Wenzake wanamwita Mama Poda. Akipita kisimani mtu anapiga chafya, wote wanaanguka kwa kicheko. Msichana wa jirani, aliyefaulu kwa 50 kamili, alimtumia kopo tupu.

“Na wewe,” Mushiya akasema, “mumu chuo chako unaingia lini?”

Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa afadhali.

Pesa ya nyumba yetu inaweza kubeba mwaka wa shule wa mtu mmoja. Yeye anajua, mimi najua.

Jumapili, 3 Novemba

Uyoga umeanza. Wanawake wanauza kando ya barabara, kofia zake kubwa kama sahani. Nilinunua, nikapika na bukari, ugali wetu, nikala nikiwa nimesimama.

Jumanne, 12 Novemba

Leo bosi alinipigia kelele mbele ya watu. Mchimbaji mmoja, kijana anaitwa Dimitri, alileta gunia lililopambwa. Ndivyo wanavyosema: juu unapanga mawe mazuri, ya kijani yanayong'aa, chini unajaza takataka. Nilijua nilipolinyanyua. Lakini nilichota juu tu, konzi tatu zote juu. Mashine ikatoa 7.2. Bosi akalimwaga gunia lote sakafuni.

“Ntambwe, unakula na hawa?”

Sili na yeyote. Nilimwonea huruma tu, alikuwa amelowa na anatetemeka. Symphorien alinitetea: “Bosi, musamehe Profesa, kichwa yake inasharudi Mwene-Ditu, hapa kumebaki mikono tu.”

Jioni nimekaa na daftari hili nikarudi kusoma ya tarehe sita Oktoba. Yale niliyoandika pale ni gunia lililopambwa. Juu nimeweka furaha yangu ya kushindwa, namna ilivyo nzuri, baba anayempenda mtoto. Sikuchota chini.

Chini ni hivi. Orodha yenye majina niliiona siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Niliona jina langu, nikaona 61. Na kabla sijamkumbuka Falonne, nilifurahi. Kama nusu dakika. Nilitaka kumkumbatia mtu nisiyemjua. Halafu nikaelewa.

Simu ilikuwa mfukoni, ina vocha. Sikupiga Ijumaa. Sikupiga Jumamosi. Jumapili nilijua kwamba parokiani kwetu kuna misa ya shukrani kwa waliofaulu, wanaitwa mbele mmoja mmoja, wanasimama na mshumaa. Mushiya alikuwa ameniambia. Nilijua saa. Nilikaa kitandani nikatazama saa ikifika, nikatazama ikipita. Binti yangu alisimama mbele ya altare na mshumaa, akapigiwa makofi kwa alama zangu, na mimi nilikuwa najua.

Nilipiga Jumatatu jioni. Nikasema orodha imetoka leo.

Jumatano, 13 Novemba

Magunia ishirini na sita. Mvua tangu asubuhi.

Jumapili, 17 Novemba

Nilimwambia Kazadi yote. Nilidhani atanipa neno. Aliendelea kushona kitambaa cha mwavuli. Mwishowe akasema:

“Mi nilikuwa na wanafunzi wengi, Ntambwe. Wakubwa, mawaziri labda. Hakuna mumoja alirudi kuniambia hisabati iko vizuri. Wewe tu. Weka Hisabati.”

Hakuwa amenisikia. Au alinisikia, lakini alikuwa anangojea zamu yake ya kusema. Mwaka mzima nilimwona kama kitabu. Leo nimeona mzee mwenye jicho moja anayeogopa kubaki na miavuli.

Nikamwuliza, “Mwalimu, mutu akikosea akajua saa ile ile, akanyamaza, hisabati inasema nini?”

“Haisemi kitu. Hiyo haiko swali yake.”

Jumapili, 24 Novemba

Nimeandika barua. Kurasa nne, kwa Falonne. Nimemwandikia habari ya Ijumaa, na ya mshumaa, na ile nusu dakika. Nimemwambia fomu bado tupu, na kwamba akisema neno moja nitaichana, mwaka huu wa shule uwe wake, arudie darasa, nami nitaendelea kutwanga. Nimempa Ruffin, fundi wa garimoshi, anatoka kesho kwenda Mwene-Ditu kupitia Tenke. Ameiweka ndani ya kofia yake isilowe.

Nikirudi nyumbani moyo ulikuwa mwepesi. Sasa naandika wasiwasi wangu: nilimwandikia kwa ajili yake, au kwa ajili ya kupumua mimi?

Ijumaa, 29 Novemba

Ilikuwa siku ya mwisho. Nilikwenda na fomu tupu. Charlotte alisema wamesogeza mpaka tarehe kumi Januari, kwa sababu ya mvua na watu walio mbali.

“Na wewe uko mbali, tata?”

“Ndiyo, mama.”

“Naona.”

Jumapili, 8 Desemba

Garimoshi limekwama karibu na Lubudi. Maji yamekula udongo chini ya reli. Ruffin bado hajafika. Nimefurahi kidogo, kama mtu aliyetupa jiwe akatamani lisianguke.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua, na mashine imeharibika. Bosi anakisia kwa macho. Wachimbaji wanasema afadhali Muongo.

Jumamosi, 21 Desemba

Mushiya amepiga mwenyewe. Yeye huwa hapigi.

Barua ilifika Jumatano. Falonne aliisoma nyuma ya nyumba. Akaingia, akapika, akawapa wadogo zake chakula. Hakula. Jioni alimwuliza mama yake kitu kimoja tu: “Tata alijua Ijumaa?” Mushiya hakuwa na habari. Falonne akampa barua asome.

Alhamisi asubuhi hakuwepo. Amekwenda na binamu ya mama yake, Mignonne, anayefanya biashara mpakani na Angola, Dilolo. Waliondoka na lori la mahindi. Gauni la buluu aliliacha limekunjwa kitandani. Mushiya anasema alikuwa amelifua mara nyingi, lakini mishononi bado kuna weupe.

“Kwa nini uliandika?” Mushiya aliniuliza.

“Ilikuwa ukweli.”

“Ulikaa nao miezi minne. Haungeweza kukaa nao wa tano?”

Kisha akalia, na mimi nikashika simu nikimsikiliza mke wangu akilia kilomita mia kadhaa kutoka hapa. Alipomaliza akasema, “Usichane fomu. Ukichana sasa, tumemupoteza bure.”

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Symphorien na mke wake, mama Marie, walinialika. Kulikuwa na kuku na sombe ya majani ya muhogo. Watoto wao waliimba. Niliondoka mapema.

Alhamisi, 2 Januari

Namba ya Mignonne haipatikani. Nimejaribu mara kumi na nne. Wanasema Dilolo mvua imeangusha mnara.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekwenda. Dirishani hapakuwa na vijana, wote wameshaandikishwa. Charlotte alikuwa ameweka jalada langu kando, chini ya kikombe chake. Duara la chai limebaki juu ya jina langu.

“Leo njo leo, tata. Saa tisa nafunga.”

Nilikaa kwenye benchi na kalamu. Nilifikiri juu ya hisabati, jinsi ninavyoipenda. Pale kila kitu kinasimama wima. Lakini mimi nilijua saa ile ile, kama alivyosema Kazadi, na kujua hakukunisaidia kitu. Nilifikiri juu ya unga ule ule unaosomwa mara tatu na kutoa majibu matatu. Kwenye kitabu kimoja cha statistiki nimesoma kwamba hawafichi jambo hilo. Jibu linaandikwa, na pembeni yake linaandikwa kosa lake, ukubwa wake, ili kila anayesoma aone. Mtu anayetoa jibu bila kosa lake pembeni ndiye wanayemwita mwongo.

Nikaweka alama kwenye mstari wa chini.

Charlotte akagonga muhuri. “Statistiki. Mzuri. Kule muko kumi na mbili, wewe njo baba yao wote.”

Neno hilo nililibeba mpaka depo kama gunia lililolowa.

Nilipitia sokoni. Kazadi aliponiona usoni alijua. Hakunisalimu. Alifungua mwavuli mmoja, akaufunga, akaufungua tena. Nilipogeuka akaita, “Ntambwe! Jumapili lete daftari. Hata hao watu ba ‘karibu’ wanahitaji mutu wa kuwasahihisha.”

Jumapili, 12 Januari

Simu imelia nikiwa nafua. Namba nisiyoijua.

“Tata.”

Nilikaa chini palepale, kwenye maji ya sabuni.

“Falonne. Uko muzima?”

“Niko. Tunauza chumvi na samaki wakavu. Da Mignonne anakusalimia.” Nyuma yake nilisikia watu wakiongea Kireno. “Barua nilisoma.”

“Najua.”

“Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ni siku ngapi?”

“Tatu.”

“Mi nilihesabu ine. Ulipiga Jumatatu jioni.”

“Ine,” nikasema.

“Ulichagua nini?”

“Statistiki.”

“Juu ya nini haukuchagua hisabati? Wewe unapenda hisabati.”

“Kule wanaandika kosa pembeni ya jibu. Ukubwa wake.”

Nilimsikia akimhesabia mtu chenji, kisha akarudi kwenye simu.

“Na lako ukubwa wake ni ngapi?”

“Sijue, mama. Somo hiyo hatujaifikia. Tunaanza kesho, lundi.”

Sikusikia kama alicheka. Nadhani ilikuwa pumzi tu. Nikamwambia bado kuna mwaka ujao, tunaweza kutafuta shule hata huko huko Dilolo, mimi nitafanya kazi usiku na mchana. Alinikatiza.

“Usinitafutie shule, tata. Nikitaka, nitatafuta mwenyewe. Na namba yangu nitatuma mwenyewe.”

“Sawa.”

“Hii simu ni ya mutu. Nimenunua kadi yangu ya simu jana. Unataka namba?”

“Nataka.”

“Uko na karatasi?”

Nilivuta daftari hili kwa mikono yenye povu. Ukurasa umelowa, wino unatambaa. Nikasema niko tayari, sema.

“Hapana,” akasema. “Andika jina kwanza.”

Nikaandika: FALONNE. Herufi kubwa, moja moja. Halafu nikangoja anipe namba.